Mba, Asali na Mafiga

Siku niliyojua kwamba kichwa changu kimekuwa tatizo la ukoo mzima, nilikuwa nimepiga magoti nikiwanawisha wageni mikono. Nilikuwa bado mgeni pale Bukima, kwa mume wangu. Shangazi yake, dada wa marehemu baba mkwe, alikuwa amekuja kutoka Kisorya pamoja na wazee wawili wa ukoo, na kazi ya kunawisha ilikuwa yangu. Birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, kichwa chini, kama nilivyolelewa kwetu Butiama. Kilemba changu kilikuwa kimelegea na sikujua. Shangazi alipomaliza kunawa, juu ya maji yalielea magamba meupe, madogo madogo. Aliyatazama. Na mimi nikayatazama. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mama mkwe wangu.

"Leo tunanawa na unga," alisema. "Unga wenyewe wa udaga, wa muhogo tu, tunautafutaga kwa shida, kumbe huyu ana ghala kichwani."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mate. Shangazi hakucheka. Alikung'uta mikono yake, akaifuta kwenye khanga, na ugali hakuugusa mpaka alipoletewa maji mengine. Aliyeyaleta hakuwa mimi. Mume wangu alikuwepo pale pale, amekaa, anautazama mchuzi.

Mba nilikuwa nayo tangu sekondari. Nilipokuwa nimepanga chumba Kigera, Musoma mjini, nikiuza kwenye duka la madaftari, nilikuwa nasuka nywele na kuifunika. Mwenye saluni alinipaka mafuta mazito, ikatulia kidogo, halafu ikarudi na ndugu zake. Sikuona kama ni jambo la kumnyima mtu usingizi. Nusu ya wateja wa saluni ile walikuwa na mba, na nusu nyingine walikuwa waongo.

Nieleze habari ya mafiga, maana bila hayo mtu anaweza kudhani nilikuwa nalilia nywele. Katika ukoo ule, mke akiingia hana jiko. Anapika kwenye meko ya mama mkwe, kwa unga wa mama mkwe, anapakua kwa amri ya mama mkwe, na yeye anakula kilichogoma kuisha. Siku ikifika, shangazi wa ukoo anaitwa. Mama mkwe anatoa mawe matatu, anayapanga kwa mkono wake kwenye kibanda kipya nyuma ya nyumba ya mwanawe, na anawasha moto wa kwanza. Hapo ndipo mke anakuwa mke. Kabla ya hapo ni mpishi anayelala na mtoto wa mwenye nyumba.

Aghalabu mafiga hutolewa mtoto wa kwanza akishazaliwa, ingawa nilimwona jirani yetu akipewa ya kwake kabla hata ya mimba, kwa kuwa tu alijua kumchekea mama mkwe wake. Mimi sikuwa na mtoto. Mwaka ulipita, mwingine ukaingia, na hakuna aliyelitaja hilo. Kilichotajwa asubuhi, mchana na jioni ni kichwa.

"Mafiga sikupi," mama mkwe aliniambia, mbele ya majirani, ili wawe mashahidi. "Mpaka kichwa hicho kiache kumwaga. Kwenye jiko la mtu kama wewe nani atakulaga?"

Alilisema mwaloni, pale ufukweni tunapoanika dagaa, akalisema kisimani, akalisema kwa mwenye mashine ya kusaga. Halafu akalipeleka mbele za Mungu. Ilikuwa sala ya jumuiya, nyumbani kwetu, kila mtu anatoa nia yake. Mmoja aliombea mvua, mwingine mume aliye safarini. Ikafika zamu ya mama mkwe. Alifumba macho, akanyanyua sauti.

"Tumwombee mke wa mwanangu, Bwana amponye kichwa chake, apate kupewa mafiga yake."

"Ee Bwana, utusikie," waliitikia wote, na mimi nikaitikia nao, maana ningefanyaje.

Tiba yake ya kwanza ilikuwa sabuni ya mche na gunzi la mahindi. Alinipeleka mwaloni mchana kweupe, wakati wanawake wamejaa wanapara samaki, akaniinamisha majini na kunisugua. Nilipopiga kelele aliniambia ninyamaze, sato tunamparaga hivi hivi na halalamiki. Wanawake walicheka, visu mkononi. Nilirudi nyumbani ngozi ya kichwa inawaka moto, na nyuma ya sikio la kushoto pametoka kidonda ambacho kiligoma kukauka. Mba haikuondoka. Nadhani ilipenda lile gunzi.

Nilimchukia yule mama. Naliandika hivi hivi bila kulipamba. Nilikuwa nikimsikia anakohoa asubuhi, naomba kikohozi kiendelee. Nilipokuwa napeleka moto kwenye meko yake, nilikuwa naangalia yale mawe matatu meusi na kufikiria ya kwangu, nitayaweka vipi, nitapika nini siku ya kwanza, na jinsi nitakavyomkaribisha ale na kumwekea kipande cha mwisho, kile chenye miba. Sikuwa na ndoto nyingine. Wenzangu wa Kigera walikuwa wanaota nyumba za bati la rangi na pikipiki. Mimi nilikuwa naota mawe.

Mwaka wa mtama kukomaa mapema nilipewa ruhusa kwenda Butiama kumsaidia mama yangu kuvuna. Mama yangu naye si mtu wa kubembeleza. Alinifungua kilemba mlangoni kabla hata sijaweka mfuko chini. Aliniangalia kichwani, akashusha macho taratibu mpaka kiunoni, akakaa hapo kidogo, halafu akayarudisha kichwani.

"Tuanze na kichwa," alisema. "Nani kakusugua hivi?"

"Mama mkwe."

"Kwa nini hakumalizia na panga?"

Mama ana mizinga. Aliirithi kwa baba, mizinga ya magogo, imetundikwa kwenye miti kwenye mteremko wenye mawe nyuma ya shamba, na nyuki wake wana hasira kuliko mbwa wa mtu tajiri. Hakuna jirani anayemwibia. Asali yake ni nyeusi, nzito, ukiionja inakukwaruza koo kwanza ndipo inakuwa tamu. Nilikua naijua kama dawa ya kikohozi na kama adhabu, kwa sababu tulipoiba kidogo tulichapwa kiasi kwamba utamu wote uliisha mdomoni.

Kwanza alinipaka tone ndani ya kiwiko, akaniambia nikae mpaka jioni.

"Wengine ngozi zao hazipatani na vitu vya nyuki," alisema. "Nisije nikakuua, wale watu wa ziwani wakaja kudai ng'ombe zao."

Kiwiko hakikuvimba. Asubuhi alinikalisha kwenye gogo, akanifumua misuko yote bila huruma, akachanganya asali na maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akaanza kunifundisha kama anayefundisha mtu asiyesikia vizuri.

"Asali iwe mbichi. Ile ya dukani iliyopikwa na kutiwa sukari wape watoto wanywee chai. Maji weka kidogo tu, iteleze. Unasugua ngozi, siyo nywele. Kwa ncha za vidole, siyo kwa kucha, na hilo gunzi lao wakaote nalo moto. Unafunga kitambaa, unakaa masaa, unasuuza. Kesho unapumzika, keshokutwa unapaka tena."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka itulie. Ikitulia, mara moja kwa wiki, maisha yako yote. Ukiacha inarudi. Asali haifukuzagi mba, inaikalisha chini tu."

Kwa kidonda cha nyuma ya sikio alitoa gundi ya nyuki, ile wanayozibia nyufa za mzinga, nyeusi na yenye harufu ya utomvu. Alikuwa ameiloweka kwenye chupa ya spiriti. Alipoigusisha pale nilitukana, na mama akanizaba kofi la mgongo kwa mkono usioshika chupa. Nta aliiyeyusha na mafuta ya nyonyo, akanipa kwenye kikopo nipake kwenye ncha za nywele zilizokatikakatika. Nakumbuka nilikaa juani na kitambaa kichwani, asali inanitiririka polepole shingoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kichwa hakikuwasha. Nililia. Mama aliniuliza kama nalia kwa furaha au kwa ujinga, halafu akaenda kupura mtama.

Nilirudi Bukima na dumu dogo la asali, chupa na kikopo. Mama mkwe alifungua dumu, akachovya kidole, akalamba.

"Chakula cha watu wewe unaenda kupaka kwenye magamba," alisema. "Kwenu Butiama mna shibe ya ajabu."

Lakini hakunikataza. Nikawa napaka asubuhi baada ya kufagia, najifunga kitenge cha zamani, naendelea na kazi za uani mpaka saa ya kusuuza. Ilikwenda vizuri hadi siku ya wale wadudu.

Mtu wa ziwani anawajua. Ni vidudu vidogo visivyouma, vinapanda kutoka majini kwa mamilioni na kusimama juu ya ziwa kama moshi wa nyumba inayoungua. Upepo ukigeuka vinakuja nchi kavu, vinaingia kwenye chai, kwenye mboga, puani. Mtu mwenye akili akiuona moshi ule anaingia ndani na kufunga dirisha. Mtu mwenye akili hapaki asali kichwani na kwenda mwaloni. Mimi natoka milimani, na sikuwa nimewaza kuviunganisha vitu hivyo viwili.

Wingu la mvua lilijikusanya upande wa visiwani, na dagaa zetu zilikuwa zimeanikwa. Mama mkwe aliniita nikimbie kuzianua. Nilikimbia na asali yangu. Nilikuwa nimeinama nakusanya dagaa, kitenge kimeshalowa asali hadi nje, upepo ukageuka. Kwanza nilisikia kama mtu ananipulizia uso. Halafu kitenge kikaanza kuwa kizito. Vidudu vilinasa kwenye kitambaa, kwenye paji la uso, shingoni, ndani ya masikio, vinatapatapa, vingine vinakuja juu ya vingine. Nilifanya kosa nikavua kitenge nivikung'ute. Basi. Kichwa chote kikawa cha kijivu na kinatembea.

Sijui nilipiga kelele gani. Ninachojua ni kwamba kuku walisikia. Kuku wa mwaloni wanavipenda vile vidudu kuliko mahindi, na walinifuata. Nilikimbia kuelekea nyumbani nimeshika kichwa, nyuma yangu kundi la kuku, na jogoo mmoja mrefu anarukia mabega yangu anadonoa. Wanawake waliacha dagaa zao zinyeshewe, wakasimama kucheka. Mmoja alilala kabisa kwenye mchanga. Mama mkwe alikaa chini kizingitini, akashika mbavu, machozi yanamtoka, na kila alipojaribu kunifukuzia kuku nguvu zilimwishia.

Waliniita Karabai kwa miezi, kwa sababu ile taa ya kuvulia dagaa ndiyo hukusanya wadudu namna ile. Watoto waliokuwa wanakwenda shule waliniamkia hivyo. "Shikamoo Karabai." Nikaitikia marahaba. Mume wangu, aliyekuwa anachukua dagaa na kuzipeleka kuuza Bunda, alirudi akiwa ameshasikia habari sokoni. Aliniomba tu niwe napaka ndani ya nyumba.

Sikuacha. Kama ningekuwa mtu mpole ningeacha. Hasira ndiyo iliyonishika mkono. Kila baada ya siku moja niliingia chumbani, nikachanganya, nikasugua kwa ncha za vidole, nikakaa gizani milango imefungwa mpaka masaa yapite. Muwasho ndio uliokuwa wa kwanza kuondoka. Kisha kidonda cha nyuma ya sikio kikakauka na kuacha kovu laini. Kisha siku moja nilipochana nywele juu ya kitambaa cheusi, kitambaa kilibaki cheusi. Nilichana tena. Nilikikung'uta, nikakigeuza, nikakipeleka dirishani. Kilikuwa cheusi.

Nilitoka mbio nikamwonyesha mama mkwe. Nilimpigia magoti nikainamisha kichwa nikiwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Alitenganisha nywele kwa mpini wa kijiko, mstari kwa mstari. Nilingoja aseme neno. Nilikuwa tayari hata kwa tusi, mradi liwe la ushindi wangu.

"Funga kilemba," alisema.

"Mama, si umeona? Imeisha."

"Nimeona. Funga. Na shangazi akija kutoka Kisorya usifungue mbele yake."

Nilisimama pale nikiwa na kiu ya kumrushia kitu. Nilijua ni roho mbaya tu, amezoea kunitesa, na sasa kamba imemkatikia mkononi. Siku chache baadaye nilimsikia kwa masikio yangu mawili akimwambia jirani kwamba kichwa bado, kinamwaga vile vile, afadhali hata zamani. Bado! Na kwenye jumuiya akatoa nia ile ile, na watu wakaitikia, na mimi nimekaa na kichwa safi kama sahani iliyooshwa. Siku ile sikuitikia.

Shangazi alikuja kwa ajili ya misa ya kumkumbuka baba mkwe. Ni mwanamke mkubwa, anazungumza polepole, na mtu akianza kumjibu kabla hajamaliza anarudia tangu mwanzo. Ukoo wote unamwogopa, mama mkwe wangu akiwa wa kwanza. Baada ya kula walikaa uani, yeye, mama mkwe, mume wangu na majirani wawili. Nilileta chai. Mama mkwe akanitupia jicho, akagusa kilemba chake mwenyewe, maana yake kaza. Ishara hiyo ndiyo iliyonimaliza. Niliweka chai chini, nikakivuta kilemba changu na kukitupa kwenye mkeka.

"Shangazi, tazama," nilisema. "Nimepona kabisa. Mama anawaambiaga watu kwamba bado, lakini tazama mwenyewe kwa macho yako. Mimi nataka mafiga yangu."

Mama mkwe alisema jina la Bwana Yesu kwa sauti ndogo. Sikumwangalia. Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya shangazi.

Shangazi alivaa miwani. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anayechagua tikiti, akapekua mbele, nyuma, juu ya masikio. Alinusa. Alikwaruza kwa ukucha na kuuangalia ule ukucha kwenye mwanga. Hakuwa na haraka yoyote.

"Kichwa kisafi," alisema hatimaye. "Hakuna kitu hapa."

Nilifunga macho. Naikumbuka ile furaha, fupi namna ile, na bado inaniuma kuliko matusi yote.

"Sasa, wifi," shangazi alimgeukia mama mkwe, "kila nikikuulizaga habari ya nyumba hii, unaniambia mafiga yamekwama kwa sababu ya mba. Mara huyu kwanza apone, mara tumwombee. Na mimi nimevumilia, nikasema kweli, mwenye mba hawezi kupewa jiko. Leo mba haipo. Haya. Tumpe mafiga. Tunampa mama wa nani?"

Jirani mmoja akapeleka kikombe mdomoni, akakumbuka, akakishusha.

"Nauliza. Mafiga anapewaga mama wa mtoto. Mtoto yuko wapi?"

Maziwa ya kwenye chai yalikuwa yameanza kuweka utando. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kichwa wazi.

"Na wewe," alimwambia mume wangu, "miaka inaenda. Baba yako alikuacha ukiwa peke yako wa kiume. Kule Kisorya kuna binti, namjua yeye na mama yake. Kwao wanazaa. Nikirudi nitakuja naye, atembee, mwonane."

Mume wangu alikuwa anakwangua udongo uliokauka kwenye kiatu chake. Aliukwangua wote, kiatu kikawa safi, akahamia kingine. Hakusema ndiyo. Ningependa kuandika kwamba alisema hapana.

Jioni nilikuwa jikoni nimechutama, nimesahau hata nilichoingia kufanya. Mama mkwe aliingia, akafunga mlango wa bati nyuma yake. Nilingoja anichambe. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua mboga.

"Nilikuambia funga kilemba," alisema.

Nilisukuma kuni ndani ya meko.

"Mjinga kabisa wewe. Ulifikiri nakuombeaga kichwa kila Jumamosi kwa sababu gani? Mba inawachekeshaga watu. Wanacheka, wanakunywa chai, wanaenda kwao. Hilo jambo lingine haliwachekeshi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelia, na ukilia watu wanajua." Alitupa majani makavu motoni. "Na mimi sikupendi. Usije ukafikiria nakupenda. Lakini binti wa kuletwa na wifi hataingia hapa kunitawala na watoto wake. Wewe nimekuzoea."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuyaongezea wala kuyapunguza. Mpaka leo sijui ni kiasi gani kilikuwa huruma na kiasi gani kilikuwa chuki yake kwa wifi yake. Wakati mwingine nadhani hata yeye hakujua. Lakini gunzi lile lilikuwa gunzi kweli, na alinisugua kwa nguvu kweli.

Tangu jioni ile sikupaka tena. Dumu lilikuwa limebaki na asali zaidi ya nusu, nikalihamishia jikoni. Asubuhi tulichemsha viazi vitamu, tukawa tunachovya, mama mkwe upande mmoja wa meko na mimi upande mwingine. Alisema ina uchungu. Alikula hata hivyo, na lilipokaribia kuisha aliniuliza kama mama yangu anaweza kutuma jingine.

Mama yangu hakuwa amekosea. Kwanza ulirudi muwasho, juu ya paji la uso. Niliukaribisha kama mtu anayefungulia mlango mgeni aliyechelewa. Nilijikuna. Baada ya wiki kadhaa nilichana nywele juu ya kile kitambaa cheusi na kikawa kama kimemwagiwa chumvi, nikamwita mama mkwe aje aone. Aliinama, akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Alisema kwa juu bado ni kidogo, nisioshe mpaka wageni waje.

Walikuja jua likiwa utosini. Shangazi alikuwa na binti yule, mrefu, mwenye adabu, gauni la maua lililopigwa pasi vizuri, na hakuwa na kosa lolote duniani. Alikuwa ameambiwa amekuja kutembea. Nilikuwa uani namenya muhogo. Mama mkwe hakusubiri hata wageni wakae. Alinijia kwa hatua kubwa, akanivua kilemba, akaniingiza vidole vyote kumi kichwani na kusugua kwa nguvu mpaka magamba yakaanza kudondoka juu ya mabega, juu ya muhogo, juu ya mkeka waliotandikiwa.

"Ona, wifi! Imerudi yote, na nyingine mpya!" alipaza sauti mpaka kwa majirani. "Mafiga nitampaje mtu huyu? Na mgeni mnayetaka kumleta atakula wapi, si kwenye meko haya haya? Atalala wapi, si kwenye mji huu huu? Hii inaambukizaga! Mwaka mmoja tu na yeye anakuwa hivi!"

Haiambukizi hivyo, na yeye alilijua hilo vizuri. Majirani walishaanza kucheka ng'ambo ya ua. Mtoto mmoja aliita Karabai. Binti wa Kisorya alivuta gauni lake la maua likae mbali na mkeka, akajishika nywele zake mwenyewe, zilizosukwa vizuri, na akamtazama shangazi kwa macho ya kuomba kuondoka.

"Basi," shangazi alisema, akirudi nyuma hatua moja. "Basi, apone kwanza. Hayo mengine tutaongea akipona."

Mama mkwe hakuniachia. Kidole chake kimoja kilikuwa kinakwaruza pale pale penye kovu, nyuma ya sikio, na paliuma. Niliinamisha kichwa zaidi, nikakisogeza kwenye jua ili yule binti aone vizuri.